SOMO LA AFYA: TEZI YA SHINGO NA FIGO ZA MTOTO MCHANGA

Somo la toleo hili limetokana na maneno ya bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kliniki kwa chanjo ya wiki sita. Alisema kwa furaha kabisa: "Huyu si kama watoto wengine. Halii, hasumbui, analala tu." Muuguzi akamfunua mtoto amtazame. Macho yalikuwa bado na manjano. Ulimi ulikuwa mnene, umetokeza mdomoni. Kitovu kilikuwa kimechomoza nje na ngozi ilikuwa baridi na kavu. Alipouliza zaidi, aliambiwa kwamba mtoto hupata choo mara moja kwa siku nne au tano, ndiyo maana alikwisha kupigwa bomba la dawa mara mbili. Tena kwa kuwa ananyonya kidogo, walikuwa wakimpa maji ya sukari kwa kijiko asubuhi na jioni.

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wanamsaidia mtoto kama walivyosaidiwa wao. Lakini mtoto yule hakuwa mtulivu, alikuwa mgonjwa, na maji yale ya sukari yalikuwa yanampeleka pabaya. Ili tuelewe sababu, inatupasa tuzungumze habari za viungo viwili ambavyo watu wengi hawavihusishi: tezi iliyo shingoni na figo zilizo mgongoni.

Figo hufanya kazi gani?

Karibu kila mtu amezaliwa na figo mbili, zimekaa nyuma ya tumbo, upande huu na upande huu wa uti wa mgongo. Kazi yake tunaweza kuilinganisha na kuchuja. Damu inaingia, uchafu unatolewa pamoja na maji yaliyozidi na kuwa mkojo, damu safi inarudi mwilini. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana visivyoonekana kwa macho, karibu milioni moja kwa wastani. Kila kichujio kina mrija wake mwembamba. Kichujio hupitisha maji mengi pamoja na chumvi, kisha mrija huchagua: hiki kirudi mwilini, hiki kitupwe. Bila kazi ya mrija mtu angemaliza maji yote ya mwili kwa muda mfupi.

Vichujio hivi vyote hutengenezwa mtoto akiwa bado tumboni. Karibu na wiki ya 36 ya mimba kazi ya kuvitengeneza huwa imekwisha. Mtoto aliyetimiza miezi yake akishazaliwa, hapati kichujio kipya hata kimoja. Atakavyoishi navyo ni vile alivyokuja navyo. Aliyezaliwa kabla ya wakati huendelea kuvitengeneza kwa wiki chache baada ya kuzaliwa, kisha basi. Hii ni sababu mojawapo ya kumwambia mama mjamzito ale vizuri, ajikinge na malaria, na ahudhurie kliniki mapema. Figo za mtu wa miaka hamsini zilianza kujengwa mama yake alipokuwa mjamzito.

Lakini kuwa na vichujio ni jambo moja, na vichujio kufanya kazi ni jambo lingine. Mtoto akiwa tumboni hahitaji sana figo zake. Uchafu wa damu yake huondolewa na kondo la nyuma kupitia damu ya mama. Figo zake hutengeneza mkojo, ndiyo, na mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji ya chupa yanayomzunguka. Lakini damu inayopita figoni ni kidogo mno. Kwa mtu mzima, kiasi cha sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita figoni. Kwa mtoto aliye tumboni ni kama sehemu tatu tu katika mia.

Halafu siku moja kitovu kinakatwa. Kuanzia dakika ile, kondo halipo tena. Figo zilizokuwa zimepumzika zinaambiwa: sasa kazi yote ni yenu.

Nani anayeziamsha figo?

Hapa ndipo tezi ya shingo inapoingia. Tezi hii, ambayo madaktari huiita thairoidi, imekaa mbele ya shingo chini ya koo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyefungua mabawa. Hutengeneza homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu kwenda kila kiungo. Ujumbe wa tezi hii kwa maneno mafupi ni huu: fanya kazi, kua, toa joto. Homoni ikiwa kidogo, kila kitu mwilini huenda polepole: moyo, utumbo, akili, na figo pia. Ikizidi, kila kitu huenda mbio kupita kiasi.

Mtoto anapotoka tumboni kwenye joto na kukutana na baridi ya dunia, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa amri kali ndani ya nusu saa ya kwanza. Tezi ya shingo hupokea amri hiyo na kumwaga homoni kwa wingi. Katika siku ile ya kwanza na ya pili, homoni katika damu ya mtoto mchanga hupanda juu kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Si ajali. Mwili unaamshwa wote kwa pamoja: mapafu, moyo, utumbo, figo.

Ndani ya figo homoni hii hufanya mambo kadhaa. Kwanza huupa moyo nguvu na kulegeza mishipa, ili damu nyingi zaidi ifike figoni. Pili huifanya mirija ile myembamba irefuke na kukomaa. Tatu, na hili ndilo lililochunguzwa sana, huongeza katika kuta za mirija zile pampu ndogo zinazorudisha chumvi mwilini. Chumvi ikirudi, maji huifuata. Mtoto ambaye mirija yake haina pampu za kutosha hupoteza chumvi kwenye mkojo, na wakati huohuo hushindwa kuyatoa maji yaliyozidi.

Watafiti wameliona jambo hili kwa panya wachanga. Walipozuia homoni ya tezi mara baada ya kuzaliwa, figo zilibaki ndogo hata ukizilinganisha na udogo wa mwili wenyewe, na mirija ilibaki mifupi. Kwa watoto wa binadamu hatuwezi kufanya majaribio ya namna hiyo, wala haifai. Lakini madaktari wanaona kwamba mtoto mwenye upungufu mkubwa wa homoni hii figo zake huchuja polepole, na takataka iitwayo kreatinini hupanda katika damu yake. Akipewa dawa, kreatinini hushuka. Pia uchunguzi uliofanywa katika jimbo la New York, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na tezi isiyofanya kazi walikuwa na kasoro za maumbile ya figo na njia ya mkojo mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine. Kwa hiyo mganga akigundua ugonjwa wa tezi, ni vizuri aulizie na mkojo wa mtoto unavyotoka.

Kwa mtoto mwenye tezi nzima mambo huenda vizuri na kwa haraka. Ndani ya wiki mbili za kwanza uwezo wa figo kuchuja huongezeka karibu mara mbili. Huendelea kukua hadi mtoto anapokaribia miaka miwili, ndipo figo zake, kwa kulinganisha na ukubwa wa mwili, zinafanya kazi kama za mtu mzima.

Kwa nini tunasema maziwa ya mama peke yake?

Sasa turudi kwenye maji ya sukari. Akina mama wengi wamechoka kusikia wito wa kunyonyesha miezi sita bila kitu kingine, tena bila kuelezwa sababu. Sababu mojawapo ni hizi figo.

Figo za mtoto mchanga haziwezi kufanya mambo mawili ambayo zako zinaweza. Haziwezi kuyatoa maji mengi kwa haraka. Ukimpa maji, yanabaki mwilini, chumvi ya damu inazimuliwa, ubongo unavimba, na mtoto anaweza kupata degedege. Watu watasema ni shetani au ni ndege, kumbe ni maji. Na vilevile haziwezi kuukoleza mkojo sana ili kubana maji wakati wa shida. Uwezo wake ni kama nusu tu ya mtu mzima. Ndiyo maana kuhara kwa siku moja, ambako wewe ungekuvumilia, kunamkausha mtoto mchanga hadi utosi unabonyea. Maziwa ya ng'ombe nayo yana chumvi na protini nyingi, na kuyatoa mabaki yake figo changa zinahitaji maji ambayo mtoto hana. Maziwa ya mama yamepimwa sawasawa na uwezo wa figo hizo. Hata siku ya jua kali yanamtosha maji.

Fikiri basi mtoto ambaye tezi yake haifanyi kazi. Figo zake ziko nyuma hata kuliko za wenzake, na uwezo wake wa kuyatoa maji ni mdogo zaidi. Huyo ndiye anayenyonya kidogo kwa uchovu, na huyo ndiye familia inayemhurumia na kumwongezea maji. Utumbo wake nao ni mzito, hapati choo, basi anapigwa bomba la majani au pilipili, na maji mengine yanaingia kwa njia hiyo. Dawa za majani zenyewe, ambazo kipimo chake hakijulikani, zinapaswa kutolewa na figo zilezile. Tunawaomba sana wazee wetu: mtoto wa chini ya miezi sita asipigwe bomba. Kama hapati choo, hiyo ni sababu ya kumleta.

Madini joto na habari ya Idjwi

Tezi haiwezi kutengeneza homoni bila madini joto. Kiasi kinachohitajika ni kidogo cha kushangaza. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha 250. Ukijumlisha mahitaji ya miaka sabini hayazidi sana kijiko cha chai. Lakini kijiko hicho hakiliwi kwa siku moja. Kila siku ina sehemu yake, na tezi ikikosa kwa muda mrefu huanza kuvimba ikijaribu kukamata hata chembe chache zinazopita. Uvimbe huo ndio rovu, au goita.

Wasomaji wetu waliotoka Kivu wanaijua habari hii bila kufundishwa. Milimani kwetu mvua ya miaka mingi imeyaosha madini joto kutoka udongoni, na kilichoota katika udongo huo hakina. Katika kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, wachunguzi waliofanya kazi kuanzia miaka ya 1960 waliona jambo lililowashangaza. Kaskazini mwa kisiwa karibu nusu ya watu au zaidi walikuwa na rovu, na kulikuwa na watoto waliozaliwa na ulemavu mzito wa akili na mwili. Kusini magharibi rovu lilikuwa la wachache, ingawa kote madini joto yalikuwa haba sawasawa. Tofauti ilikuwa chakula: kaskazini walikula mihogo mingi zaidi. Mihogo ambayo haikuandaliwa vizuri huacha sumu kidogo ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kingine, na kitu hicho huzuia tezi isikamate madini joto.

Hatusemi muhogo uachwe. Nani kambini atauacha? Tunasema uandaliwe kama mama zetu walivyojua: umenywe, urowekwe siku tatu au nne hadi ulainike, ukaushwe juani vizuri kabla ya kusagwa. Sombe itwangwe sana na ichemshwe muda mrefu. Haraka ndiyo inayoleta sumu, na tunafahamu kwamba mwezi wa njaa haraka huwa nyingi.

Na chumvi iwe yenye madini joto. Soma mfuko. Iwe ni ya mgao, iwe ni ya kununua sokoni, iwekwe katika kopo lenye kifuniko, mbali na moto, jua na unyevu, na itiwe chunguni chakula kikiwa karibu kuiva. Wako wanaoiosha chumvi kwa sababu ina mchanga. Wakiiosha, madini joto huondoka na maji. Ile chumvi ya mawe isiyo na maandishi, inayopimwa kwa kikombe, mara nyingi haina kitu. Hata chumvi ya bahari, mpaka yaongezwe kiwandani, ina madini joto kidogo mno. Baada ya chumvi iliyoongezwa madini joto kuenea Kongo katika miaka ya 1990, rovu lilipungua sana. Vijana wetu wengi hawajawahi kuliona lile kubwa la kuning'inia ambalo bibi zao walilibeba.

Neno moja la tahadhari hapa. Kuna wanaofikiri kwamba kama madini joto ni mazuri, basi ile dawa ya kahawia ya vidonda, ambayo nayo ina madini hayo, ni nzuri kupakwa kwenye kitovu cha mtoto kila siku. Sivyo. Ngozi ya mtoto mchanga huyanyonya kwa wingi, na tezi yake changa ikipata mengi kwa ghafla hufunga kazi. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, au kipakwe kile tu ulichopewa na mkunga.

Utamjuaje mtoto mwenye shida hii?

Ugumu ni kwamba siku ya kuzaliwa wengi wao wanaonekana wazima kabisa. Homoni kidogo ya mama iliyopita kwenye kondo bado inawalinda. Dalili hujitokeza polepole katika wiki zinazofuata: manjano yanayozidi wiki mbili, usingizi mwingi hadi inabidi umwamshe anyonye, kulia kwa sauti nzito ya kukwaruza, choo kigumu na cha nadra, ngozi baridi, uso kuvimbavimba, ulimi mkubwa, kitovu kuchomoza, utosi mpana. Dalili moja peke yake huenda isiwe kitu, kwa maana vitovu vinavyochomoza ni vingi na wenyewe ni wazima. Zikiwa mbili au tatu pamoja, usingoje tarehe ya chanjo.

Angalia na mkojo. Mtoto akojoe ndani ya saa 24 za kwanza. Kuanzia siku ya tano, anayenyonya vizuri huloanisha nepi sita au zaidi kwa siku. Zikipungua, au mkojo ukiwa wa rangi nzito, au uso na miguu ikivimba, mlete siku hiyohiyo. Usiku usikuzuie, mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako akusindikize.

Duniani kote, mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na tezi isiyofanya kazi, na palipo na upungufu mkubwa wa madini joto ni zaidi ya hapo. Katika nchi tajiri kila mtoto hutobolewa kisigino katika siku za kwanza na tone la damu hupimwa. Kipimo hicho kilianzia Quebec, Kanada, mwaka 1974. Katika nchi nyingi za ukanda wetu bado hakifanywi kwa kila mtoto, basi macho ya mama na bibi ndiyo kipimo cha kwanza. Kliniki ya kambi ikishuku, mtoto hupewa rufaa hospitali kupimwa damu.

Dawa yenyewe ni kidonge kidogo, levothairoksini, kinachofanya kazi ya homoni iliyokosekana. Husagwa na kuchanganywa na maziwa ya mama kidogo kwenye kijiko, mara moja kila siku. Isitiwe kwenye chupa nzima, maana mtoto asipoimaliza dawa inabaki humo. Isipewe pamoja na dawa ya kuongeza damu. Ziachane kwa saa kadhaa. Kipimo hufuata uzito wa mtoto na hubadilika anavyokua, kwa hiyo kidonge cha jirani mwenye rovu kisigawanywe kwa kukisia.

Dawa ikianza ndani ya wiki mbili za kwanza, mtoto hukua na kusoma kama wenzake. Ikichelewa, figo mara nyingi hurudi kufanya kazi yake, moyo pia, utumbo pia. Ubongo hausubiri. Kilichopotea katika miezi ya mwanzo hakirudi chote, na hatutaki kumdanganya mzazi yeyote katika jambo hili.

Yule mjukuu wa bibi alianza dawa akiwa na wiki saba. Baada ya siku chache alianza kulia usiku, na bibi akaja kulalamika kwamba sasa hawalali nyumbani. Muuguzi alicheka, akampima mtoto uzito, akamwandikia kadi. Bibi aliambiwa mambo mawili ambayo tunayarudia kwa kila familia yenye mtoto wa namna hii: dawa isikatwe hata mtoto akionekana amepona, na kadi isiachwe nyuma. Ukihamishiwa kambi nyingine, ukirudi nyumbani, au jina lako likitoka katika orodha ya kusafiri, pita kliniki kabla ya kuondoka ukachukue dawa za njiani pamoja na barua ya mganga inayoonyesha kipimo.